Msimu wa pili haujatoka, na kosa si lako

Ijumaa jioni, simama karibu na duka lolote la muvi hapa Nakuru, iwe Kaptembwo, Langa Langa au Free Area. Watu wanashuka matatu, wananyoosha flashi dirishani, wanataja jina la mfululizo, wanalipa shilingi 20 kwa kila sehemu na kuondoka. Juzi nilikuwa kwenye foleni kama hiyo (ndiyo, hata mimi, nitaungama hapo chini) na dada aliyekuwa mbele yangu akauliza: "Bosi, uko na Country Queen, msimu wa pili?"

"Haijatoka, dadangu," jamaa akajibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. Kisha akanung'unika kwamba amechoka kuulizwa.

Amechoka kuulizwa! Wasomaji wangu, hiyo ni takwimu. Ni takwimu ambayo hakuna mwenye pesa za kutengeneza tamthilia atakayeiona, na leo nataka kupiga kelele kuhusu jambo hilo.

Kwa wasioikumbuka: Country Queen ilitoka Netflix tarehe 15 Julai 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba chapa ya Netflix. Sehemu 6 tu. Melissa Kiplagat anaigiza Akisa, mwandaaji wa sherehe jijini Nairobi anayerudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inanyemelea ardhi. Mtu wa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa kwa nini hadithi ya ardhi inauma. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kikamba kama watu wanavyozungumza kweli. Sehemu ya sita ikaisha, na mpaka ninapoandika haya msimu wa pili haujaonekana.

Najua lile jibu la kawaida: "Wakenya hawapendi vitu vyao." Upuuzi mtupu. Vitimbi na Vioja Mahakamani zilikaa KBC miaka na mikaka. Tahidi High ililea kizazi kizima cha waigizaji pale Citizen. Papa Shirandula haikukosa watazamaji, ilimpoteza Charles Bukeko mnamo Julai 2020, na nchi nzima iliomboleza kama imefiwa na mjomba. Watu wasiopenda vitu vyao hawaombolezi hivyo.

Tatizo ni hesabu, na hapa naomba univumilie, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu.

Ukiandika programu yoyote ya kuhesabu, swali la kwanza ni: unahesabu nini? Netflix wenyewe wamebadilisha jibu mara kadhaa. Kulikuwa na wakati "mtazamaji" alikuwa mtu aliyetazama angalau asilimia 70 ya filamu au ya sehemu moja. Kuanzia Januari 2020 ikawa dakika 2 zinatosha. Dakika mbili! Hata kutafuta rimoti iliyopotea kwenye kochi huchukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2021 wakahamia jumla ya saa, na 2023 wakaanza kugawanya saa hizo kwa urefu wa filamu. Kazi ni ileile, watazamaji ni walewale, lakini ukibadilisha fomula mshindi naye anaweza kubadilika. Anayekwambia namba hazidanganyi hajawahi kuandika fomula.

Desemba 2023 Netflix walitoa orodha ya kazi zaidi ya 18,000 na saa zilizotazamwa dunia nzima kati ya Januari na Juni mwaka huo. Niliipakua nikiwa na furaha ya mtoto. Saa zipo, nchi hazipo. Orodha ya kumi bora ya Kenya inayotolewa kila wiki ina nafasi za kwanza mpaka kumi bila idadi. Kwa hiyo mtayarishaji wa Nairobi anayetaka kuthibitisha kwamba nyumbani anapendwa hana jedwali la wazi la kuweka mezani. Mwenye jedwali ni huyo anayeketi upande wa pili wa meza.

Na hata jedwali hilo la siri lina mashimo. Akaunti moja huko Section 58 inatazamwa na baba, mama, watoto watatu na jirani, lakini seva inaona skrini moja. Saa moja ya picha ya kawaida hula takriban GB 1 ya bando, kwa hiyo mwenye akili anamwachia jamaa wa duka kazi ya kupakua, naye anakuja na flashi. Hapo seva haioni kitu kabisa. Kwa hifadhidata ya California, yule dada wa foleni hajazaliwa.

Wenzetu kwingine wamewahi kuokoa vipindi kwa sababu walionekana. Firefly ilianza Fox ya Marekani Septemba 2002, ikarushwa bila kufuata mpangilio na kukatwa kabla sehemu zote 14 hazijaonyeshwa. Lakini santuri za DVD ziliponunuliwa kwa wingi, kila moja ilikuwa risiti, na mwaka 2005 ikapatikana filamu ya Serenity. Sense8 inatuhusu zaidi, kwani sehemu yake ilipigwa Nairobi na mmoja wa wahusika wakuu, Capheus, ni dereva wa matatu iitwayo Van Damn. Msimu wa pili ulitoka tarehe 5 Mei 2017. Tarehe 1 Juni wakatangaza wameufuta mfululizo. Siku 27! Mahindi ya Njoro hayajafika hata magotini. Mashabiki duniani wakawasha moto mtandaoni, na mwaka uliofuata, 8 Juni 2018, wakapewa kipindi kirefu cha kuhitimisha. (Capheus hakuwahi kuigizwa na Mkenya, lakini hilo ni ugomvi wa siku nyingine.)

Sisi hatuna risiti wala hatuna kelele za kufika huko. Na wenye maamuzi wanazidi kwenda mbali. Januari 2024 Amazon walitangaza kusitisha kuagiza kazi mpya za Afrika. Mwezi uliofuata Showmax, waliotuletea Crime and Justice mwaka 2021, walibadilisha mtambo wao mzima, na Septemba 2025 kampuni mama yao, MultiChoice, ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Labda wote hawa ni watu wema. Lakini mfululizo ulioandikwa kwa Kiswahili unaweza kufa kwa sababu ya mstari mmoja katika bajeti ya Paris, na aliyeuandika akajua siku moja na wewe.

Sasa maungamo. Mimi nimenunua sehemu za tamthilia zetu kwenye flashi, na shilingi zangu hazikumfikia mwigizaji hata mmoja. Ni wizi, na sitaupamba. Ila tazama kilichotokea pale: nilitoa pesa. Dada yule alitoa pesa. Foleni nzima ilikuwa na pesa mkononi! Halafu mtu anakaa kwenye kongamano kule hotelini na kusema soko halipo.

Kinachonikera ni kwamba daraja la kuvuka hapo si sayansi ya roketi. Tuna M-Pesa tangu 2007. Nambari ya Till kwa kila duka, faili halali kutoka kwa mtayarishaji, na kila shilingi 20 ikiingia inagawanywa: jamaa wa duka achukue zake, mwenye kazi zake, na jedwali moja dogo liandike jina la kazi, mji na tarehe. Hizo ni safu tatu tu. Utaniambia faili litanakiliwa. Limeshanakiliwa, ndugu yangu, liko dirishani pale Kaptembwo! Wazalishaji wa River Road, hao tunaowaita Riverwood na kuwacheka kwa picha zao za harakaharaka, waliuza santuri zao mkononi bila kungoja kituo cha televisheni kiwape ruhusa. Walijua mji gani unanunua kwa sababu katoni zilirudi tupu au zilirudi zimejaa.

Ninyi watayarishaji nanyi mna lenu la kujibu. Mnapotia saini, ombeni mambo mawili: namba za Kenya pekee, na haki za kazi zirudi kwenu baada ya miaka kadhaa msimu mwingine usipoagizwa. Mkikataliwa la kwanza, shikilieni la pili mpaka mwisho. Mfululizo ambao haki zake ziko kwako unaweza kuendelea hata kama ni kwa bei ya duka la muvi.

Jamaa wa lile duka nilimuuliza kama angekubali kuuza faili halali akibaki na shilingi 8 katika kila 20. Akafikiri kidogo, akasema 10. Akifika 9 nitaanza kuandika programu yenyewe wikendi hii. Kinachokosekana ni mtayarishaji mmoja wa kutupa faili.