Maneno ya Dylan Hayakupitwa na Zama

Mwandishi aliyedai kwamba nyimbo za Bob Dylan zilikuwa moto wa miaka ya sitini tu, na kwamba Akademia ya Uswidi ilipompa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 iliienzi kumbukumbu wala si fasihi, ametoa hukumu bila ya kusikiliza ushahidi.

Na auchukue wimbo wa mwaka 1964 juu ya Hattie Carroll, mtumishi Mweusi wa hoteli mjini Baltimore, aliyefariki Februari 1963 baada ya kupigwa fimbo na kijana tajiri mwenye shamba la tumbaku. Rangi ya marehemu haitajwi hata mara moja, ila kazi zake za jikoni na mezani zaelezwa moja moja, kwa ufasaha usio na pambo. Na kila ubeti ukikoma msikilizaji huzuiliwa asitoe machozi, kana kwamba msiba wenyewe haujafika, hata inapotamkwa adhabu ya mahakama, kifungo cha miezi sita, ndipo anaporuhusiwa kulia. Gazeti lingeanza na hukumu hiyo.

Ama hoja yake kwamba maneno yanayohitaji sauti si ushairi, nastaajabu kuisoma kwa Kiswahili, lugha ambayo tenzi zake tangu kale husomwa kwa mahadhi.

Mtu yule aliyempiga Hattie alipofariki mwaka 2009, magazeti ya Marekani yaliandika tanzia yake kwa ajili ya wimbo ule; basi mpinzani wetu na atuambie, ni zama zipi hizo zilizokwisha?