Bunia ina wakimbizi wengi, ipate na wakimbiaji

Mjini Bunia, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani asubuhi, watu wanajiuliza swali moja: kumetokea nini? Muuza mandazi kando ya Boulevard de la Libération anaangalia kwanza kule mtu huyo anakotoka, kabla ya kumwangalia yeye mwenyewe. Motari anapunguza mwendo. Mama anamwita mtoto aingie ndani. Siwacheki. Waliokuwa hapa Mei 2003 wanakumbuka maelfu ya watu wakikimbilia kambi ya MONUC na uwanja wa ndege, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Na tangu mauaji yaanze tena Djugu Desemba 2017, ni familia gani ya mji huu haijapokea ndugu aliyefika usiku, amechoka, hana hata kambambili mguuni?

Kiswahili chetu kinawatoa mkimbizi na mkimbiaji katika kitenzi kimoja. Hapa Ituri tuna wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Wakimbiaji unaweza kuwahesabu alfajiri, kabla motari hawajajaa barabarani.

Ninaomba jambo dogo: mji wa Bunia upange mbio zake za barabarani, kilomita 5 au 10, wakati wa likizo kubwa ya wanafunzi, wazi kwa kila mtu anayeweza kutembea.

Wazo hili nililipata Kasese, nchini Uganda. Kasese iko upande wa pili wa Ruwenzori, na mlima ule ni wetu pia. Kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani. Mtu wa Beni anavukia Kasindi. Sisi wa Bunia tunazunguka zaidi, kwa boti kutoka Kasenyi au kwa gari hadi Mahagi na mpaka wa Goli. Tangu 2022 kunafanyika kule mbio zinazoitwa Rwenzori Marathon, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kwa kilomita 42, 21, 10 na 5. Mbele wanakuwa wenye kazi yao, wanagombania zawadi. Sisi wengine nyuma tunagombania pumzi.

Nilijiandikisha kwa kilomita 10. Tangu shule ya msingi sikuwa nimeshindana na mtu yeyote kwa miguu. Mazoezi yangu yalikuwa ya miezi mitatu, mara tatu kwa wiki: dakika mbili kutembea, dakika moja kukimbia, kisha kugeuza hesabu hiyo kidogo kidogo. Kwa anayeanza, inatosha. Hahitaji viatu vya dola mia moja, anahitaji viatu visivyobana ambavyo mguu umekwisha kuvizoea.

Siku ya mbio, vijana walitupita kwa kelele katika kilomita mbili za kwanza. Kwenye kilomita ya sita tuliwakuta wanatembea, mikono kiunoni, tukawapita polepole bila kusema neno. Maji yalikuwa mezani kando ya njia. Unakunywa kidogo, mengine unajimwagia kichwani. Kwenye mwinuko unafupisha hatua na kuangalia chini. Nilimaliza kwa saa moja na dakika 24. Kuna wazee walionitangulia. Kuna pia mama mmoja mnene aliyefika nyuma ya watu wote, ambulensi ikimfuata taratibu, na umati ulimpigia makofi kuliko ulivyowapigia washindi.

Kilichonikaa zaidi ni milango. Miguu yote ile inapita mbio mbele ya nyumba, na watu wanatoka nje! Wanatoka na watoto wao, wanapiga sufuria, wanaita kwa Kikonzo, lugha ambayo Mnande wa Butembo anaielewa bila mkalimani. Hakuna aliyeuliza kumetokea nini. Mimi mwenyewe, mtu wa Bunia, nilihitaji kilomita nzima kabla ya kuacha kugeuka nyuma.

Najua watakaosema kwamba michezo ya namna hii ni ya nchi zenye amani, sisi tungoje kwanza. Tegla Loroupe hakungoja. Mama huyo wa Pokot Magharibi, Kenya, alishinda marathoni ya New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza Mwafrika kufanya hivyo. Mwaka 2003 alianzisha mbio za amani Kapenguria, akawaita kwenye barabara moja wapiganaji wa jamii zilizokuwa zinaibiana ng'ombe na kuuana: Wapokot, Waturkana, Wamarakwet, Wakaramojong. Wizi wa ng'ombe haukuisha siku hiyo, wala yeye hakudai hivyo. Miaka 13 baadaye ndiye aliyeiongoza timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Humo mlikuwa na wakimbiaji watano wa Sudan Kusini, na wanajudo wawili wa kwetu Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika.

Na hapa mashariki? Makorobondo Salukombo, mtoto wa Kivu Kaskazini, alikimbia vita, akafika Marekani, akaiwakilisha Kongo katika marathoni ya London 2012. Kisha alirudi Goma kufundisha vijana kukimbia. Mmoja wa vijana hao, Beatrice Kamuchanga, alikimbia mita 5,000 kule Rio.

Hoja ya usalama siidharau. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na baada ya Plaine Savo, Februari 2022, ambapo watu waliokwisha kukimbia makwao waliuawa ndani ya kambi, hakuna mtu wa hapa anayeweza kuongea kirahisi juu ya kukusanya watu. Kwa hiyo tuanze kidogo. Watu 300, kilomita 5, ndani ya mji, kwenye lami, mzunguko mfupi unaorudiwa ili polisi wachache waweze kuulinda. Kuanza saa 12 na nusu asubuhi, saa 3 barabara imefunguliwa. Mechi za mpira zinakusanya watu zaidi ya hao.

Wengine watasema pesa hizo heri ziende kambini. Sawa, ziende. Nambari ya kifuani iuzwe franga 5,000 kwa mwenye kazi, na kinachobaki kipelekwe huko. Ila watu wa kambini wasije tu kupokea mchango na kupigwa picha. Nao wapewe nambari, bure, sawa na wanafunzi.

Wenye haki ya kulalamika ni motari, watakaopoteza wateja wa asubuhi. Lakini salongo imekwisha kutuzoesha kufunga kazi Jumamosi asubuhi, na Jumamosi moja ya Agosti majembe yanaweza kupumzika. Meya anatakiwa kutoa barabara na polisi, makanisa na shule watoe vijana wa kugawa maji. Matayarisho yenyewe hayazidi miezi mitatu, muda ule ule anaohitaji mtu ambaye hajawahi kukimbia. Anayeitaka Agosti aanze Mei.