Deni la CBC kwa redio washirika

Kanada ilipoanzisha shirika lake la utangazaji la umma, CBC, Novemba 2, 1936, shirika hilo lilikuwa na vituo vinane tu, vya kumiliki na vya kukodi, katika nchi inayoanzia Atlantiki na kuishia Pasifiki. Kwingine kote sauti ya taifa ilibebwa na wafanyabiashara: vituo 14 vya binafsi viliingia mkataba wa kujiunga na CBC kwa saa fulani za siku. Watu hao hawakuwa na wito wowote wa utumishi. Roy Thomson, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa magazeti, alikuwa mchuuzi wa redio kaskazini mwa Ontario, na bidhaa yake haikwenda kwa sababu huko hakukuwa na cha kusikiliza. Akafungua kituo North Bay mwaka 1931, kisha Timmins, kisha Kirkland Lake. Alitaka kuuza redio, lakini kwa njia ya vituo kama hivyo mchimba dhahabu wa Timmins alisikia taarifa ya habari sawa na aliyoisikia karani wa Toronto. Baadaye redio hizo za binafsi ziliachana na CBC moja baada ya nyingine, na utengano huo husimuliwa kama hatua ya kukua, kwamba shirika limepata mitambo yake na wafanyabiashara wamepata uhuru wao. Mimi naona aliyepoteza ni msikilizaji wa mji mdogo, na kosa halikuwa katika ushirika wenyewe. Kosa lilikuwa kuuvunja pale ulipohitaji kurekebishwa.

Tuanze na namna ulivyofanya kazi. Mwaka 1944 CBC lilianzisha mtandao wa pili wa Kiingereza, ulioitwa Dominion. Katika mtandao huo mzima shirika lilimiliki kituo kimoja, CJBC cha Toronto, na vyote vilivyosalia vilikuwa vya watu binafsi. Kituo mshirika kilitenga saa za kurusha vipindi vya taifa. Kwa saa hizo kilipata tamthilia, habari za vita na mechi za hoki ambazo kisingeweza kuzigharamia peke yake, pamoja na mgawo wa fedha za matangazo ya biashara. Manufaa yalitiririka pande zote mbili. Mpiga fidla Don Messer na bendi yake walikuwa wanamuziki wa CFCY, kituo cha binafsi cha mji wa Charlottetown katika kisiwa kidogo cha Prince Edward, na ni kutoka huko muziki wao ulikotandazwa nchi nzima kupitia CBC. Kuanzia 1941 hadi 1965 kulikuwa pia na baraza la wakulima redioni. Jumatatu jioni majirani walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaandika maoni yao na kuyatuma. UNESCO iliichukua mbinu hiyo na kuijaribu katika vijiji vya Pune, India, mwaka 1956, na baadaye Ghana. Anayeikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya Tanzania ya 1973, na vikundi vyake vya kusikiliza redio, hahitaji kuelezwa nguvu ya jambo hilo. CBC lisingewafikia wakulima wa Kanada kwa mitambo yake pekee.

Televisheni ndiyo iliyoanza kuulegeza mkataba. Tamthilia na michezo vilihamia kwenye kioo, redio za binafsi zikageukia muziki wa kutwa nzima, na kipindi cha CBC kikawa kama mgeni anayekatiza ngoma. Mtandao wa Dominion ulifungwa mwaka 1962, na miaka miwili baadaye CJBC yenyewe ikawa ya Kifaransa. Mwaka 1974 serikali iliidhinisha mpango wa kufikisha matangazo ya CBC katika kila makazi yenye watu 500 au zaidi kwa mitambo ya shirika lenyewe, na wakati huohuo CBC likaacha matangazo ya biashara redioni. Washirika hawakuwa tena na mgawo wa kuusubiri.

Watetezi wa mpango huo wana hoja nzito. Wanasema washirika walikuwa wavivu wa utumishi: walirusha sehemu tu ya vipindi, wakateua vyenye faida na kuviacha vingine, hata raia aliyelipa kodi sawa na mwenzake wa Montreal akapata nusu ya redio. Ni kweli, na kumfikishia mtu wa kaskazini vipindi vyote lilikuwa jambo la haki. Lakini mkataba unaokiukwa hutiliwa masharti makali zaidi, na mtambo mpya ungeweza kujengwa bila kumfukuza mshirika. Mtambo unaleta sauti, hauleti mwandishi wa habari. Leo miji yote mitatu ya Thomson hupata vipindi vya asubuhi vya CBC kutoka Sudbury, na kutoka Sudbury hadi Timmins ni karibu kilomita 300 kwa barabara. Upande wa pili, redio za binafsi zilibaki na studio mjini zikiwa hazidaiwi chochote na shirika la umma. Mwaka 1998 mdhibiti, CRTC, aliruhusu kampuni moja kumiliki hadi vituo vinne katika soko kubwa. Februari 2024 kampuni ya Bell ilitangaza kuuza vituo 45 kati ya 103. Mwaka uliotangulia ilikuwa imevifunga vituo sita vya AM, kikiwemo kile cha Calgary kilichoanza mwaka 1922 kwa jina la CFCN na kuwahi kuwa mshirika wa Dominion. Kilipozimwa kilikuwa kikirusha vichekesho.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la uhuru. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia redio binafsi zifungamane na shirika la taifa, anaona mkono wa serikali ukiingia studio, na ana sababu ya kuogopa. Hata Kanada haikuwa safi: hadi 1958 CBC lilikuwa mchezaji na mwamuzi kwa pamoja, likishindana na redio za binafsi huku likizitungia kanuni. Wamiliki walipiga kelele kwa miaka, na walikuwa sahihi. Dawa ilikuwa kuunda mdhibiti wa pembeni, na mwaka huo akaundwa. Ushirika wenyewe uliendelea baada ya hapo, jambo linaloonyesha kwamba haukuhitaji amri ili uishi. Kwetu ushahidi uko karibu zaidi. Redio nyingi za mikoani hujiunga kwa hiari na idhaa za Kiswahili za BBC au DW, kwa mkataba unaoweza kuvunjwa, na hakuna anayeziita watumwa wa London au Bonn. Ubaya wake ni kwamba bajeti iko mikononi mwa wengine. Machi 2025 amri ya Washington iliisimamisha Sauti ya Amerika, na redio zilizokuwa zikipokea idhaa yake ya Kiswahili zikabaki na saa tupu.

Wapo wanaosema intaneti imeufuta mjadala huu. Lakini Agosti 1, 2023, Meta ilianza kuzuia habari kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada. Wiki mbili baadaye wakazi wapatao 20,000 wa Yellowknife waliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa msituni, na watu wakawa wanapiga picha za skrini ili kupelekeana habari. Yellowknife ina bahati moja: CBC lina kituo chake mjini tangu 1958. Moto ukiikaribia Timmins, mtambo wa CBC ulioko pale utaleta sauti ya Sudbury. Redio ya binafsi, ambayo mtangazaji wake anaweza kuuona moshi kwa dirisha, inalazimika kisheria kurusha tangazo fupi la dharura. Likiisha, ni hiari yake kuendelea kuzungumza au kurudi kwenye muziki.