Nani Kasema Dago ni Mambo ya Wazungu?

"Shemeji, wewe umekuwa Mzungu siku hizi?"

Hilo ndilo swali nililopigwa nalo na mume wa dada yangu siku nilipomwomba ruhusa ya kuwachukua wanawe watatu tukalale ufukweni Kimbiji, usiku mmoja tu, tukavue samaki kwa mishipi. Hakuuliza watoto watakula nini. Hakuuliza nani atawaangalia wala kama kuna mbu. Aliuliza Uzungu wangu. Na wapangaji wenzake waliokuwa wakicheza bao pale barazani walicheka mpaka kete zikamwagika.

Ndugu msomaji, jibu hili nimelichoka. Ukisoma kitabu kwenye daladala, wewe Mzungu. Ukitembea kwa miguu bila kutumwa dukani, Mzungu. Ukimkumbatia mtoto mbele za watu, Mzungu kabisa. Tukiendelea hivi kila kitu kizuri duniani tutawagawia wao, sisi tubaki na bao na lawama.

Bibi mzaa mama, ambaye ni mtu wa Mafia, alikuwa ameketi pale pale akichambua mchele. Akasema bila hata kuinua kichwa: "Babu yenu alikuwa akipiga dago miezi. Mzungu gani alimfundisha?"

Dago! Wangapi kati yetu vijana wa mjini tunalijua neno hili? Ni kambi ya wavuvi. Wanaume wanapakia sufuria, unga, chumvi na nyavu, wanahamia kisiwani au ufuko wa mbali kufuata samaki na msimu, wanajenga vibanda vya makuti, wanavua, wanapika, wanakausha samaki, halafu upepo ukigeuka wanarudi makwao. Wavuvi wa Pemba na Unguja wamepiga dago mpaka mwambao wa Kenya. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba kulala nje karibu na maji na kuvua chakula chako mwenyewe ni jambo lililoletwa na meli pamoja na hema la turubai. Mwenye hema alitukuta dagoni. Ni kweli babu hakuchukua watoto wadogo. Dago lilikuwa kazi, halikuwa matembezi. Lakini maarifa yalikuwepo, na yanaishia kwetu sisi, tunaoangalia bahari kwenye picha za kalenda.

Hapa lazima niungame dhambi yangu, maana bila hiyo nitaonekana mjuaji. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ya maana, na nina riwaya ya sura tisa ndani ya madaftari manne. Katika sura ya nne nilimweka mvuvi wa Kigamboni akipigana na samaki mkubwa usiku kucha, na kulipopambazuka akamtoa: sangara. Nikaisoma sura hiyo mbele ya kikundi chetu cha waandishi. Tulikuwa wanane, wote wazaliwa wa Dar es Salaam. Mmoja alisifu taswira. Mwingine akasema mvuvi anawakilisha tabaka la wafanyakazi. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mshkaji, sangara hayupo baharini!"

Aliyeniambia ni mchuuzi wa samaki kule Feri, nilipojitia kumsimulia kisa changu. Alicheka akashika mbavu. Sangara ni samaki wa maji baridi, wa Ziwa Victoria, na hata huko ni mgeni: alipandikizwa miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshawafagia furu wa kila namna. Mimi nimemla tangu utotoni, minofu kwa minofu, nisijue anatoka wapi. Na wale wenzangu saba pia.

Hebu tuambiane ukweli, waandishi wenzangu. Hadithi zetu zina bahari nyingi mno lakini hazina samaki. Bahari yetu ni mahali pa wapenzi kutembea jua likizama. Tunamjua yule mzee wa Hemingway na sulisuli wake, kitabu cha mwaka 1952, tunamtaja kwenye kila mazungumzo. Sulisuli huyo huyo yuko mkondo wa Pemba, na hatujui hata jina lake kwa lugha yetu! Haji Gora Haji wa Tumbatu, mwenye diwani ya *Kimbunga* ya mwaka 1994, aliwahi kuwa mvuvi na baharia kabla watu wa vitabu hawajamjua. Sisi tunataka kuanzia mwisho.

Ndiyo maana niliwachukua wale watoto. Wa kwanza ana miaka tisa, wa kati sita, kitinda minne. Sikutaka wafike umri wangu wakiwa na sangara wa baharini kichwani.

Sasa nisimulie, maana kuna watakaodhani inahitaji mamilioni. Mishipi mitatu tuliisokota kwenye chupa za plastiki. Ndoana ndogo, chubwi, na chambo cha kamba wa kununua Feri. Hema hatukuwa nalo. Tulikuwa na turubai, kamba ya manila na chandarua kikubwa cha dada. Dada mwenyewe alikuja, na hilo nilishukuru baadaye. Tulipofika tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu kwa wavuvi, tukaomba kulala karibu na mabanda yao. Usilale na watoto wadogo ufuko usio na watu, ati kwa sababu unapendeza. Uzuri hausikii mtu akipiga kelele.

Tulifika saa sita mchana. Mchanga ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, bahari iko kule. Nikafunga turubai mahali pazuri, tambarare, karibu na maji ili watoto wasichoke. Mzee mmoja akapita na kasia begani, akasimama, akatutazama kwa huruma. "Wajukuu zangu, leo bamvua. Hapo mlipo saa kumi panakuwa na samaki." Tukahama. Akatuonyesha mstari wa mwani mkavu na takataka uliopita juu kabisa, akasema maji yalifika pale, na mwenye akili analala nyuma yake. Tukafunga upya chini ya mivinje. Saa kumi mahali petu pa kwanza palikuwa na maji ya kiunoni. Pwani yetu hii, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Nimeishi kilomita chache kutoka baharini maisha yangu yote na sikujua kwamba mwezi na saa ya maji vinakwenda pamoja. Shuleni mwalimu alituchorea ubaoni mwezi, dunia na mishale. Tulinakili mishale.

Kuvua sasa. Dakika ishirini za kwanza watoto walishika mishipi kama askari. Dakika ya ishirini na moja kitinda alitupa chupa yake akaenda kufukuza kaa. Nikaanza kumgombeza, dada akanizuia: "Mwache, kaka. Yeye anavua kaa." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekwenda na picha kichwani ya mjomba mwenye hekima na wapwa wasikivu, na picha hiyo nilitaka kuwalazimisha watoto waiigize. Halafu wakati nikiwafundisha wasijichome, ndoana ikaingia kwenye kidole changu mwenyewe. Walifurahi kuliko wakati wowote wa siku ile.

Wa kwanza alipata samaki wa ajabu, mdogo, ambaye alipotolewa majini alijaa upepo akawa mpira. Mtoto akapiga mayowe ya ushindi. Kijana mmoja mvuvi akaja mbio: "Huyo bunju! Mtupe, haliwi huyo, ana sumu ya kuua mtu!" Mpwa wangu akauliza, "Bunju si kituo cha daladala?" Wavuvi walicheka sana, lakini mimi nilicheka nusu. Mtoto wa Dar anajua Bunju ya Bagamoyo Road, na bunju anayeweza kumwua hamjui.

Wa kati ndiye aliyepata changu, saizi ya kiganja. Akamtazama akirukaruka juu ya jiwe. "Mjomba, anakufa?" Nikasema ndiyo. "Kwa sababu yangu?" Nikasema ndiyo, kwa sababu tutamla. Akalia. Sikumwambia nyamaza. Amekula samaki tangu alipoachishwa ziwa, na ile ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba samaki alikuwa hai. Tulimchoma kwa chumvi na ndimu, pamoja na wengine tuliopewa na wavuvi, maana kwa mishipi yetu tungelala njaa. Alikataa kula. Baadaye kidogo akasogea, akaomba kichwa.

Usiku kitinda alilia anataka nyumbani, anataka katuni. Visubi vilituuma. Dada aliimba nyimbo zote anazozijua, kisha akaanza upya. Sitawadanganya kwamba ulikuwa usiku wa raha. Lakini saa kumi alfajiri maji yalipojaa tena, wote watatu waliamka wenyewe kwa mlio wake, wakakaa kimya ndani ya chandarua wakisikiliza, na asubuhi wa kwanza alinieleza mimi, kwa kujiamini kabisa, kwamba saa nne maji yatakuwa mbali na tutaweza kutembea mwambani. Na kweli saa nne tulikuwa mwambani nyuma ya kina mama wanaosaka pweza.

Najua hoja iliyobaki. Shemeji aliitoa alipoona utani umeshindwa: "Maji hayana rafiki." Ni kweli. Hakuna mtu wa pwani hii aliyesahau Spice Islander ya Septemba 2011 wala Skagit ya Julai 2012. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 236,000 walikufa maji duniani mwaka 2019, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi kama zetu. Lakini niambieni, mtoto aliyefichwa bahari miaka kumi na minne, siku atakapotoroka na wenzake Sikukuu ya Idi, nani atakuwa amemwambia kuhusu bamvua? Tunawatisha, hatuwafundishi. Sisi hatukupanda ngalawa, kwa kuwa hatukuwa na maboya ya kuvaa yanayowatosha watoto. Hakuna aliyegusa maji bila mkono wa mtu mzima kumfikia. Hiyo nayo ni elimu, na haikugharimu kitu.

Tena kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Siku tuliyorudi tulipita sehemu moja ambapo nilicheza nikiwa mdogo. Sasa kuna ukuta, na mlinzi aliyetuuliza tunatafuta nini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ule ukuta sikuupima, lakini miguu ninayo, najua mita 60 zilivyo. Nani atauliza? Watoto ambao hawajawahi kukanyaga ufuko watauliza kwamba umekwenda wapi? Huwezi kunyang'anywa kitu ambacho hukujua kuwa ni chako. Tunaosema kambi ni mambo ya Wazungu tunamfungulia mjenga ukuta geti, tena kwa kicheko.

Kikundi chetu cha waandishi nimekiambia wazi: sura ya nne nimeichana, na sitasikiliza tena hadithi ya bahari ya mtu asiyejua leo maji yanajaa saa ngapi. Wawili wamenuna. Watano wamesema watakuja bamvua ijayo. Wapwa wangu wanakuja pia, na shemeji, ambaye bado anasema ni Uzungu, ameniuliza kwa pembeni kama chubwi zinauzwa Kariakoo au mpaka Feri. Tunavuka kwa pantoni Jumamosi asubuhi na kupanda gari za Kimbiji. Mwenye nia aje, mshipi kila mtu na wake.