Shairi Fupi si Kiraka cha Ukurasa



Katekista mmoja alimzika mtoto wake. Baadaye alitunga shairi la mistari sita, akalipeleka kwa gazeti moja ambalo jina lake nalisitiri. Walilichapa, ndiyo. Lakini walilichapa chini kabisa ya ukurasa, mistari yote imeunganishwa kama tangazo la bei ya sementi, na neno la mwisho halimo kwa sababu nafasi ilikwisha. Neno hilo lilikuwa jina la mtoto.

Nilipouliza, nilijibiwa: «Si kashairi kafupi tu? Kalitusaidia kuziba pengo.»

Haifai hata kidogo! Na tazameni ni mashairi gani yanayopewa ukurasa mzima: yale ya kusifu wageni wakubwa siku za jubilei, beti ishirini na zaidi. Mimi mwenyewe nilitunga moja la namna hiyo. Mgeni wa heshima alisinzia kwenye ubeti wa kumi, nami sikumlaumu.

Watu wengine husema: shairi lisilo na vina si shairi, na mwenye kuandika mafupi ni mvivu. Je, ni kweli? Fungueni Biblia. Zaburi ya 117, ambayo katika vitabu vya zamani ni ya 116, ina aya mbili tu. Wimbo wa mzee Simeoni katika Injili ya Luka una aya nne, na mapadri na watawa huusali kila usiku kabla ya kulala. Nani amemwambia Simeoni aongeze beti? Tena watunzi wa Zaburi hawakujifunga kwa vina. Walilinganisha wazo na wazo. Simdharau Shaaban Robert wala mafundi wa pwani, maana vina vyao ni vitamu. Lakini Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka wa 1974, bila kufuata vina na mizani, ugomvi mkubwa ulizuka Tanzania. Ugomvi ulipoa, na kitabu kingali kikisomwa.

Na huo uvivu? Mmarekani Ezra Pound alieleza kwamba aliona nyuso za watu katika kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Paris, akaandika shairi la mistari thelathini. Hakuridhika, akaliharibu. Baada ya miezi sita alitunga la nusu yake. Mwaka mwingine ukapita ndipo akapata mistari miwili. Basi, mvivu ni nani?

Mistari hiyo miwili ilitoka mwaka wa 1913 katika gazeti dogo la Chicago liitwalo Poetry. Aliyelianzisha mwaka wa 1912, Harriet Monroe, hakuwa tajiri. Alibisha hodi kwa wenye mali wa mji wake, akapata zaidi ya mia moja walioahidi kila mmoja dola 50 kwa mwaka, kwa miaka mitano. Alitaka mashairi yawe na nyumba yao, yasiwe tena ya kujazia nafasi katika magazeti ya wengine. Gazeti hilo lingali hai mpaka leo.

Msiseme hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu Kongo, gazeti La Voix du Congolais, lililotoka Léopoldville tangu 1945 hata 1959, liliongozwa na mtunga mashairi, Antoine-Roger Bolamba, na mashairi yalikuwa na mahali ndani yake. Mwaka wa 1955 kitabu chake Esanzo kilichapwa Paris, kikiwa na dibaji ya Senghor. Lakini gazeti hilo lilikuwa la Kifaransa. Na sisi tunaolia, tunaosali na kubishana bei sokoni kwa Kiswahili, tutaandika wapi? Vijana wetu huandika katika simu; simu ikiibiwa, shairi limekwenda nalo.

Bwana Mhariri, naomba ukurasa mmoja katika kila toleo. Mashairi matatu, yasizidi hayo, kila mstari mahali pake, na karatasi nyeupe kuyazunguka. Yaliyo mabaya yarudishwe kwa barua yenye sababu, hata kama mwandishi ni rafiki ya Padri. Usichape shairi kwa huruma, maana huko nako ni kulidharau.

Na toleo la kwanza lianze na mistari sita ya yule katekista, pamoja na jina la mtoto.