Ukimfungia Jirani Yako, Mpelekee Unga

Ndugu msomaji, tuseme leo kijijini kwenu imeletwa habari kwamba ugonjwa mpya wa kuambukiza umeingia wilayani. Mganga wa wilaya anasema watu wakae nyumbani kwa siku 21. Mnada umefungwa. Basi haliji. Wewe ndani una debe moja la mahindi. Una mbuzi mmoja uliyetaka kumuuza mnadani Jumamosi, upate fedha ya chumvi, sabuni na dawa ya mtoto. Utafanya nini?

Jambo hili limekwisha kutokea. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona, yaani UVIKO-19, ulienea dunia nzima. Serikali nyingi ziliamuru watu wakae majumbani. Nchi tajiri zilifanya hivyo, na nchi maskini zilifanya hivyo pia. Lakini mtumishi wa ofisini alikaa ndani na mshahara wake ukaendelea kuja. Kibarua, mama lishe na mwendesha bodaboda hula leo kile walichopata leo. Walipofungiwa, chakula nacho kilifungwa.

Tangu wakati ule watu wamegawanyika. Wako wanaosema ugonjwa ukija funga kila kitu, uhai kwanza. Wako wanaosema acha watu watafute riziki, njaa nayo inaua. Kila upande unapima kwa kuweka mzigo upande mmoja wa mizani. Mkulima yeyote aliyewahi kupunjwa na mnunuzi wa pamba anajua mizani ya namna hiyo.

KWA NINI WATU HUFUNGIWA?

Kwanza tuelewane. Mgonjwa akiwekwa mahali pake ili asiwaambukize wengine, huko ni kumtenga. Mtu mzima wa afya aliyekaa na mgonjwa akiambiwa asitoke mpaka ijulikane kama ameambukizwa au hapana, hiyo ni karantini. Na watu wote wa mji au wilaya wakiambiwa wasitoke, wagonjwa na wasio wagonjwa pamoja, huko ni kufunga eneo zima. Mambo haya matatu hayana gharama sawa. Kumtenga mgonjwa mmoja kunagusa nyumba moja. Kufunga wilaya kunagusa kila chungu kilichoko jikoni.

Tena kila ugonjwa una njia yake. Korona hupita katika pumzi. Mtu huweza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Anacheka, anakohoa kidogo, anauza nyanya zake, kumbe anaueneza. Ndiyo sababu wataalamu walisema watu wote wapunguze kukutana, kwa kuwa kwa macho huwezi kumjua mwenye ugonjwa.

Ebola na Marburg ni tofauti. Mtu huambukiza akisha kuonyesha dalili, na ugonjwa hupita kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Hapa kazi kubwa ni kumjua kila aliyemgusa mgonjwa na kumwangalia kwa siku 21.

Kipindupindu nacho hupita kwa maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Ukifunga barabara lakini kisima kikabaki kichafu, umewatesa wasafiri bure. Shirika la Afya Duniani halishauri kufunga safari na biashara kwa ajili ya kipindupindu. Linataka maji safi, vyoo, na wagonjwa wapate maji ya chumvi na sukari mapema.

Kwa hiyo kiongozi akisema "tunafunga", mwananchi ana haki ya kuuliza kwa adabu: ugonjwa huu unapita njia gani, na kufunga huku kunaziba njia ipi?

MAJIRANI ZETU WA UGANDA

Nachukua mfano wa Uganda kwa sababu ni jirani zetu, wanalima na kuuza kama sisi, na walifunga kwa ukali. Mgonjwa wao wa kwanza wa Korona alitangazwa tarehe 21 Machi, 2020. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa siku moja kabla. Magulio na minada ya mifugo ilisimamishwa. Mabasi na teksi zilizuiwa, na bodaboda zilikatazwa kubeba abiria. Tarehe 30 Machi Rais Yoweri Museveni alitangaza siku 14 za kukaa nyumbani. Magari ya watu binafsi nayo yalizuiwa. Siku hizo 14 zilipokwisha, ziliongezwa 21.

Je, kulisaidia? Tuseme kweli, kulisaidia. Kifo cha kwanza cha Korona nchini humo kilitangazwa tarehe 23 Julai, 2020, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza. Wakati ule nchi nyingine zilikuwa zinazika watu kwa maelfu. Anayesema kufunga hakufai kitu hata kidogo aitazame miezi ile minne.

Sasa tuweke mzigo wa upande wa pili. Serikali ya Uganda iligawa chakula kwa watu maskini wa Kampala na Wakiso. Kila mtu alipangiwa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage. Hebu tufanye hesabu. Mtu mzima akila nusu kilo ya unga kwa siku, kilo 6 zinakwisha siku ya 12. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba abiria tena tarehe 27 Julai. Kijana wa bodaboda alikaa miezi minne bila abiria. Unga wa siku 12 na miezi minne!

Wanavijiji hawakuwamo katika mgao ule. Ilidhaniwa kwamba mkulima ana chakula chake shambani. Ni kweli ana ndizi na mihogo. Lakini chumvi haioti shambani, wala mafuta ya taa, wala nauli ya kwenda hospitali. Gulio likifungwa mkulima anabaki na mazao yake yakioza.

Nauli ya hospitali ndiyo iliyoumiza zaidi. Mwanzoni mgonjwa aliyetaka kusafirishwa kwa gari alihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wa wilaya. Uchungu wa mama mjamzito haungoji kibali. Wako waliotembea usiku, wako waliojifungulia njiani, na wako waliokufa wao au watoto wao. Baada ya malalamiko mengi, mwezi Aprili Rais aliruhusu wajawazito wasafiri bila kibali. Vifo vile havikuandikwa katika hesabu ya Korona. Lakini kaburi ni kaburi.

Na shule? Wanafunzi zaidi ya milioni 10 walirudishwa nyumbani. Baadhi yao waliitwa kwa zamu, kisha wakarudishwa tena. Shule zote zilifunguliwa tarehe 10 Januari, 2022. Ni karibu miaka miwili. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko hiyo. Wasichana wengi walipata mimba au waliozwa. Wavulana wengi walishika kazi za vibarua na hawakurudi darasani. Ugonjwa huu ulikuwa mkali hasa kwa wazee, na gharama kubwa ililipwa na watoto. Kwa maoni yangu hapo mizani ililala upande usiofaa.

Kisha mwezi Juni, 2021 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Hospitali zilijaa. Hewa ya oksijeni ilikuwa haba. Serikali ikafunga tena kwa siku 42. Safari hii baadhi ya familia maskini za mijini zilitumiwa shilingi 100,000 za Uganda kwa njia ya simu. Ilikuwa hatua nzuri kuliko ya kwanza, ingawa walioachwa ni wengi.

Hapa kuna jambo ambalo wanaotetea kufunga hulisahau. Kufunga hakuuui ugonjwa. Kunaununulia muda tu. Muda huo ni wa kutafuta vitanda, oksijeni, dawa na chanjo, na kuwafundisha wauguzi. Ukiwafungia watu wakalala njaa, halafu ugonjwa ukarudi ukakuta oksijeni bado haitoshi, umechukua fedha yao na hukuwanunulia kitu.

NA KWETU TANZANIA?

Sisi tulifunga shule tarehe 17 Machi, 2020. Zilifunguliwa zote kufikia mwisho wa Juni mwaka ule. Masoko, mashamba na mabasi viliendelea. Wako wanaosema basi sisi ndio tuliopima vizuri. Kuhusu shule nakubaliana nao. Watoto wetu walirudi darasani mapema. Lakini kuhusu mengine sikubali haraka. Tangu Mei, 2020 mpaka katikati ya 2021 hesabu za wagonjwa na vifo hazikutolewa. Chanjo ilianza kutolewa Julai, 2021. Huwezi kujisifu kwa uzito wa gunia ambalo hukulipandisha kwenye mizani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mkoa wa Kagera. Mwezi Machi, 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua na 6 walikufa. Wilaya haikufungwa. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa. Tarehe 2 Juni ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Wenzetu wa Uganda mwaka 2022 walipopata Ebola walizifunga wilaya za Mubende na Kassanda kuanzia tarehe 15 Oktoba mpaka 17 Desemba. Hata hivyo ugonjwa ulifika Kampala. Sisemi kwamba walikosea kila kitu. Ebola yao ilikuwa kubwa zaidi, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142 na kati yao 55 walikufa. Nasema kwamba mahali ambapo watu wachache wanajulikana na wanaangaliwa vizuri, hakuna haja ya kuwafungia maelfu.

Lakini hao wachache watakubali? Mtu akijua kwamba akitajwa atafungiwa ndani siku 21 na watoto wake walale njaa, hatatajwa. Atakimbia usiku kwenda kwa shemeji yake wilaya nyingine, na ugonjwa atakwenda nao. Usimwite mkaidi. Amepiga hesabu yake kama wewe ungeipiga yako.

UJIRA WA ALIYEFUNGIWA

Ndugu msomaji, haya ndiyo maoni yangu. Mtu anayekaa ndani siku 21 ili wewe usiugue anakufanyia kazi. Amekuwa mlinzi wa kijiji kizima. Mlinzi hulipwa. Kwa hiyo unga unaopelekwa kwake usiitwe msaada, na anayeupeleka asitake kushukuriwa.

Tufanye hesabu nyingine, ya mfano tu. Familia ya watu 6, kila mmoja nusu kilo ya unga kwa siku, ni kilo 3 kwa siku. Kwa siku 21 ni kilo 63. Haijai hata gunia. Kijiji chenye kaya 300 kikichangia, kila kaya inatoa unga wa kikombe kimoja tu. Zikifungiwa familia 10, kila kaya inatoa kilo 2 na kidogo. Kijiji kinaliweza jambo hili kwa magonjwa ya nyumba chache. Ugonjwa ukishika wilaya nzima, hapo hakuna jirani wa kumchangia jirani, na ni kazi ya Serikali. Tuidai mapema, kabla amri ya kufunga haijasomwa, na tuulize chakula kitatoka ghala gani na kitafika siku gani.

Unga peke yake hautoshi. Kuna maharage, chumvi, sabuni na kuni. Kuna maji, na hapa kina mama wananielewa, maana aliyefungiwa hawezi kwenda kisimani. Kuna mbuzi wanaohitaji malisho. Kuna mgonjwa wa kifua kikuu au mtu anayetumia dawa za UKIMWI, ambaye hatakiwi kukosa dawa hata siku moja. Vitu hivi viwekwe kwenye ua, anayepeleka asogee nyuma hatua kadhaa, ndipo mwenye nyumba atoke kuvichukua. Wanaweza kusalimiana kwa sauti. Tena wasalimiane, maana upweke nao unaumiza.

Kama ugonjwa ni wa pumzi, gulio lisikimbiliwe kufungwa. Lihamishiwe kiwanja cha mpira, kila muuzaji akae mbali na mwenzake, watu wavae barakoa na wasikae muda mrefu. Mahali pa wazi penye upepo si sawa na kibanda kilichojaa watu. Lakini kilabu cha pombe na chumba cha video vinaweza kungoja.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao uliza mambo haya, na mtendaji ayaandike katika kitabu cha mkutano. Nani atatunza ghala la unga? Bodaboda ya nani itabeba wajawazito na wagonjwa hata usiku wa marufuku, na kibali chake kitaandikwa lini? Nani atachukua dawa zahanati kwa niaba ya waliofungiwa? Na palizi je? Siku 21 za mwezi wa palizi zinatosha majani kuyameza mahindi yote. Kila kitongoji kipange watu wa kulima shamba la aliyefungiwa, na majina yao yasomwe palepale mkutanoni.