Mtoto Alisema "Ngege", Akawekewa Kosa

Wasee, leo nimekuja na hasira, vumilieni.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilimpeleka mpwa wangu kwa intavyu. Ana miaka minne. Narudia: minne. Sistangu anauza viatu Kibuye, na mimi ndiye huwa na mchana mrefu, kwa hivyo mimi ndiye nilimshika mkono mpaka shule moja ya binafsi hapa Kisumu, ndio aanze PP1 Januari. Akapewa karatasi ya picha, kila moja aitaje kwa Kizungu.

Picha ya tatu ilikuwa samaki. Akaiangalia vizuri, akatabasamu, akasema, "Ngege." Ticha akachora X.

Hebu tulia hapo kidogo. Nyanyake anauza samaki Dunga. Huyu mtoto anajua ngege si mbuta, na mbuta si omena. Kuna watu wazima wanakula samaki kila wikendi na hawajui hiyo tofauti. Alitoa jibu lenye akili kuliko swali, akawekewa kosa.

Lakini hiyo siyo inaninyima usingizi. Dakika chache baadaye nikamwona kupitia dirishani akibana miguu. Nyumbani angesema "adwaro layo" na mtu angekimbia naye choo. Pale alinyamaza tu, mpaka sketi mpya ikalowa na watoto wengine wakaanza kucheka.

Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu wiki nzima mimi, si ticha, mimi, nilikuwa nimemwambia: "Ukifika huko hakuna Dholuo, hakuna Kiswahili, ni Kizungu tu." Nilimkaririsha A mpaka Z, rangi na siku za wiki. Kuomba choo sikumfundisha. Nilidhani namtayarisha, kumbe nilikuwa namziba mdomo.

Na najua siko peke yangu. Kuanzia Manyatta hadi Milimani, mtoto akikaribia PP1 nyumba nzima inageuka kituo cha twisheni. Sisi vijana ndio wabaya zaidi. Mtoto akipiga ngeli tunatoa simu tunarekodi. Akichapa shrabu tunarekodi pia, ndio watu wacheke. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986, kwenye Decolonising the Mind, jinsi wanafunzi wa enzi za mkoloni walivyochapwa au kuvalishwa kibao shingoni wakipatikana wakiongea lugha ya mama. Wazazi wetu wengi wanaijua hiyo kitu kwa jina la diski. Siku hizi hatuhitaji kibao. Tuna kamera.

Kichekesho ni kwamba mtaala wenyewe hauombi hayo yote. Unasema kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo analoishi. Hapa kwetu hiyo ni Dholuo, au Kiswahili mtaa ukiwa umechanganyika. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kuingia, isipokuwa wa kujua aanzie kiwango gani. Shule za binafsi zinajificha nyuma ya hilo neno "umma". Poa. Lakini kitu ikiwa ni makosa kwa mtoto wa shule ya umma, inakuwaje sawa kwa sababu mamake amelipa?

Utaniambia Kizungu ndio lugha ya kazi. Sawa, na atakijua. Mtoto akihesabu samaki na nyanyake, achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, tayari anajua tano ni nini. Kilichobaki ni jina lingine. Ufini, watoto huanza shule ya msingi wakiwa na miaka saba, na hakuna mtu anawaita wajinga.

Wengine mtasema, "Wewe uliacha chuo, utatuambia nini kuhusu shule?" Haya basi. Mimi ndiye yule mtoto aliyepita kila intavyu. Ile kitu sikuwahi kufundishwa ni kuinua mkono niseme, "Sielewi, nisaidieni." Nilizama mwaka mzima nikiwa nimenyamaza, mpaka nikatoka. Kwa hivyo ndiyo, nina la kusema.

Ukiwa na mdogo wako, binamu, au mtoto wako anayeanza shule, mfundishe haya. Ajue jina lake lote na jina la mtu wa kumchukua. Aombe choo kwa lugha yoyote iliyo mdomoni, avue mwenyewe, anawe. Ukijua shule ina choo cha shimo, mwonyeshe mapema, maana kama amezoea poti ataogopa lile shimo. Ajue kufungua chupa yake. Tembeeni hiyo njia mara mbili tatu kabla ya siku yenyewe. Na asubuhi ukimwacha, muage. Usitoroke akiwa ameangalia kando, ukafikiri umemsaidia.

Na tusiwasukume wazazi peke yao. Watu hukimbilia binafsi kwa sababu darasa la umma liko mbali ama limejaa. Katiba ya 2010 ilipatia kaunti kazi ya chekechea. MCA akija kuomba kura, muulize chekechea ya wadi yako ina ticha wangapi, na vyoo vingapi.

Mpwa wangu sasa yuko PP1 ya umma. Siku ya kwanza alilia, na mimi nikalia nikirudi. Wiki ya pili akamvuta ticha nguo, akamwambia, "Adwaro layo." Ticha akamshika mkono, wakaenda.

Huo ndio mtihani. Amepita.